Nimeangalia Local 58 yote kwa usiku mmoja, huu ndo uzoefu wangu

Mdogo wangu alinitumia linki saa tano usiku akaandika tu "kaka cheki hii afu niambie kama hujaikumbuka TV ya mzee". Mi sio mtu wa muvi za kutisha, damu na mapanga vinanichosha kuliko kunitisha, ila hilo neno la TV ya mzee ndo lilinifanya nifungue. Nikaangalia vipande vyote mpaka alfajiri, na toka siku hiyo ni kama miezi miwili sasa nazunguka kwenye sirizi za aina hiyo, kwa hiyo naandika nikiwa nimeshakaa nazo vya kutosha.

Kwa ambaye hajui, Local 58 imetengenezwa na Mmarekani anaitwa Kris Straub, ilianza kuwekwa YouTube Oktoba 2015. Kila video inajifanya ni kitu kilichorekodiwa kwa deki kutoka kituo kidogo cha TV huko West Virginia. Hakuna staringi wala stori ya mtu anayekimbizwa, sura za watu zenyewe unaziona kwa nadra sana. Unaona vile vitu ambavyo kituo chochote kinarusha, nembo, utabiri wa hali ya hewa, katuni za watoto, kituo kufunga matangazo usiku, afu katikati yake kinaingia kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Kauli mbiu yake ilikuwa "Analog Horror at 476 MHz", analog horror yaani hofu ya analojia, ya TV za zamani, na hapo ndo jina la aina yote hii ya sirizi lilipotokea, wengine wote waliofuata wamelichukua kwake.

Kipande cha kwanza kinaitwa Weather Service. Ni maandishi tu kwenye skrini na ule mlio wa tahadhari, mamlaka ya hali ya hewa inawaambia watu wabaki ndani na wasiuangalie mwezi. Basi. Sasa unakaa unasubiri wakwambie kwa nini, hawasemi. Afu linakuja tangazo lingine kwa maandishi yaleyale na mlio uleule linasema mambo yamekwisha tokeni nje muangalie mwezi, halafu la kwanza linarudi kukataza, na hapo ndo mwili ulinisisimka kabisa kwa sababu nilielewa kwamba kuna wawili wanagombania hicho kituo na mi niliyekaa sebuleni sina namna yoyote ya kujua yupi ni yupi. Sauti ya kweli na sauti ya uongo zimevaa nguo moja.

Nimewaza sana kwa nini hii ilinipata mimi mtu wa Morogoro ambaye sijawahi kuona hata siku moja tangazo la dharura la Marekani, na nadhani najua. Nyumbani tulikuwa na TV ya chogo, antena juu ya mwanzi, mmoja anazungusha nje mwingine anapiga kelele kutoka ndani hapo hapo usiguse. Taarifa ya habari ikianza watoto wote kimya, hata kama huelewi kinachosemwa unakaa kimya, kwa sababu kinachosemwa pale ni kweli na wakubwa wanasikiliza. Nakumbuka Oktoba 14, 1999 Rais Mkapa alipotangaza kifo cha Mwalimu, majirani walijaa kwetu mpaka mlangoni, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza jamani hii habari ni ya kweli. Imetoka pale kwenye kioo, imekwisha. Sisi tuliokua hivyo tunabeba hiyo imani mwilini. Straub anaichukua hiyohiyo imani anaigeuza, ndo maana vipande vyake havihitaji zimwi.

Na kingine ni usiku. Kuna wale mnaokumbuka kulala sebuleni mkashtuka saa nane kituo kimeshapiga wimbo wa taifa kimefunga, imebaki michirizi ya rangi na ule mlio piiiii usioisha, au chenga tupu zinachemka? Mi nilikuwa naogopa kwenda kuizima, lazima upite mbele yake. Sijawahi kumwambia mtu kitu hicho, nilidhani ni uoga wangu peke yangu, sa kumbe kuna mtu yuko upande wa pili wa dunia naye alikuwa anaogopa vilevile akaenda kuutengenezea sirizi. Hicho nilikipenda kuliko kitu chochote.

Ila kuna kipande lazima niwatahadharishe, kinaitwa Contingency. Ni tangazo la serikali ya kubuni lililoandaliwa kwa ajili ya siku nchi ikishindwa vita, na linawaelekeza raia wajiue, kwa lugha ya upole na bendera ikipepea. Ni kazi nzuri sana na ni nzito sana. Kama wewe au mtu wa karibu yako mmepita au mnapita kwenye hali hiyo, kirukeni kabisa, hamtapoteza mtiririko maana kila kipande kinajitegemea. Mi nilikaa muda taa imewashwa baada ya hicho.

Mambo ya kawaida sasa. Vipande vingi ni vya dakika chache tu, vyote kwa pamoja unavimaliza usiku mmoja na muda unabaki. Bando haiumii, na hapa nasema kitu cha kweli, hizi ndo video pekee nilizowahi kuangalia nikashusha ubora mpaka 240 na zikawa bado tamu, kwa sababu picha yenyewe imetengenezwa ichakae kama mkanda uliorekodiwa juu ya mkanda mwingine. Tumia hedifoni. Usiangalie kwenye daladala, utaona maandishi tu na utashangaa watu wanasifia nini. Shida kubwa kwa sisi ni kingereza, maandishi mengi na mengine yanapita haraka, mi nilikuwa nasimamisha narudisha, na ukisimamisha kila mara ile hofu inapungua. Natamani kuna mtu aweke tafsiri ya Kiswahili chini.

Halafu baada ya kuzimaliza nikaenda kusoma kama jambo hili liliwahi kutokea kweli, mtu kuingilia kituo, na lilitokea. Novemba 22, 1987 huko Chicago mtu aliyevaa kinyago cha Max Headroom, mhusika wa kubuni wa TV wa miaka hiyo, aliingilia vituo viwili usiku mmoja, kimoja kikiwa katikati ya habari za michezo, cha pili akakaa kama dakika moja na nusu hivi anaongea mambo yasiyoeleweka. Mpaka leo hajakamatwa. Kaangalieni hiyo rekodi baada ya Local 58, sio kabla.

Za wengine nitapita haraka. The Mandela Catalogue ya Alex Kister, ya 2021, inahusu viumbe wanaojifanya watu unaowajua, na mwanzoni inatumia katuni za Biblia ambapo anayeongea kama malaika Gabrieli sio Gabrieli. Hapo nilizima. Nimelelewa kanisani na kuna vitu sichezei, nikarudi baada ya wiki nikamalizia, na nakiri jamaa anajua anachofanya. Backrooms ya Kane Parsons ni tofauti kidogo, vyumba vya njano visivyo na mwisho na taa zinazovuma, aliianza Januari 2022 akiwa na miaka 16, akiwa na Blender ambayo ni programu ya kutengenezea picha za 3D, ya bure kabisa. Vijana wetu wenye laptop mbovu mnaolalamika hamna vifaa, hiyo ni ya kwenu muiangalie mara mbili.

Ila za kuiga zimekuwa nyingi mno. Wanachukua sura ya mtu wanaitanua mdomo na macho, wanaweka mlio wa ghafla, basi wanaita ni za analojia. Mshtuko sio hofu. Na wale wanaotoa video za saa tatu kuelezea kila kitu maana yake nini, mi nawashauri msiwaangalie mapema, ukishaelezwa ule mwezi ni nini unabaki na mwezi tu.

Nilipoenda nyumbani mwezi uliopita niliikuta TV ya mzee bado ipo stoo. Nikaifuta vumbi nikaichomeka, ikawaka, ile sauti yake ya kuwaka ileile. Mitambo ya analojia ilishazimwa zamani, Dar walianza kuzima Desemba 31, 2012, kwa hiyo kila chaneli niliyobonyeza ni chenga. Nikakaa mbele yake sijui muda gani. Mzee akaja akasimama mlangoni akauliza unaangalia nini humo, nikamwambia nasubiri tu baba, akavuta ndoo akakaa.