TAHADHARI: Muuzaji wa boila "zilizopimwa" za magarimoshi madogo. Kama umenunua kwake, usiwashe moto

Ndugu zangu mnaojenga magarimoshi madogo ya mvuke nyumbani, kama kuna mtu anakuuzia boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) ya shaba nyekundu iliyokwisha kupakwa rangi nyeusi, pamoja na picha ya cheti cha upimaji, simamisha malipo kwanza usome haya. Na kama umeshaipokea, tafadhali sana usiiwashie moto.

Nina miaka mitatu najenga injini ya reli za upana wa milimita 89. Chasisi, magurudumu, silinda, vyote nimekereza mwenyewe usiku baada ya kazi, na ukiipa hewa ya kompresa inazunguka taratibu bila kukwama. Kilichobaki kilikuwa boila. Kulehemu boila kunataka vifaa: shaba hutawanya joto upesi, kwa hiyo huwezi kupasha kiungo kimoja tu, lazima upashe kitu kizima, na lehemu ya fedha haianzi kutiririka mpaka ipite nyuzi 600. Kichomeo changu cha moto hakifiki huko. Nikaamua kununua.

Tangazo lilisema kila kiungo kimelehemiwa kwa fedha, boila imepimwa, ina kizibo cha risasi (madini laini yanayoyeyuka maji yakipungua, kama tahadhari), presha ya kazi paundi 80 kwa inchi ya mraba. Nikaomba picha za kabla ya rangi, muuzaji akasema simu aliyopigia picha imeharibika. Nikaomba kwenda kuiona, akasema yuko safarini. Kesho yake akaniandikia kwamba kuna wengine wawili wako tayari kulipa, niamue siku hiyohiyo. Nikatuma pesa yote. Nilikuwa na hamu ya kuona injini yangu inatoa mvuke, na yeye hamu hiyo aliiona.

Mzigo ulipofika, kwa macho ulikuwa mzuri. Kilichonishtua kwanza ni namba. Boila ikipimwa hugongwa namba kwenye chuma chenyewe, na namba hiyohiyo huandikwa kwenye cheti. Hii yangu ilikuwa nayo, na zilifanana. Lakini nilipoisogeza kwenye taa nikaona shaba inang'aa ndani ya kila tarakimu, na rangi imepasuka pembeni mwake. Maana yake namba iligongwa baada ya rangi kukauka, wakati cheti kina tarehe ya miaka miwili nyuma. Nikakisoma cheti upya, safari hii neno kwa neno: kinataja mirija ya moshi 12. Nikahesabu yangu: 9. Naamini cheti ni halali, ila ni cha boila nyingine.

Nikamuuliza kwa upole. Akajibu, "Ndugu, mimi mwenyewe nimeijaza hewa, haivuji hata kidogo." Jibu hilo peke yake lingetosha kumkimbia. Boila haipimwi kwa hewa. Hewa ikibanwa huweka nguvu kama springi, na kiungo kikiachia vipande hurushwa. Maji hayabaniki, kwa hiyo boila ikishindwa presha huanguka papo hapo na wewe unaloa tu. Ndiyo sababu boila mpya hujazwa maji baridi na kusukumwa mpaka mara mbili ya presha yake ya kazi, yaani paundi 160 kwa hii yangu.

Nikafanya hivyo. Nikaijaza nikiinamisha huku na huku mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kikatoka, nikafunga geji ya kuonyesha presha, nikaanza na pampu ya mkono. Paundi 30, kimya. Paundi 50, jasho likaanza kutoka pembeni mwa sahani ya nyuma, matone madogo yanayopangana kama shanga. Nilipofika 70, kabla hata ya presha ya kazi, nikasikia mlio mkavu na sindano ya geji ikaanguka hadi sifuri. Dari la sanduku la moto, yaani chumba cha kuwashia moto kilichozungukwa na maji ndani ya boila, lilikuwa limebonyea kwa ndani.

Nikakwangua rangi. Chini yake lehemu ilikuwa ya kijivu, na ncha ya kisu iliinyoa ikajikunja kama nta. Hiyo ni lehemu ya bati na risasi, ya kuunganishia nyaya za redio! Lehemu ya fedha ni ngumu na ina umanjano kidogo, kisu hakiinyoi hivyo. Sasa piga hesabu nami. Kwa paundi 80, maji ndani ya boila yako kwenye nyuzi 162 hivi. Lehemu ya bati na risasi iliyo ya kawaida huyeyuka kwenye 183, na nguvu yake inakwisha mapema kabla ya hapo. Maji yakipungua kidogo tu, dari likabaki wazi juu ya moto, hakuna tena kinachoshika.

Halafu nikaikata kwa msumeno, na hapa ndipo hasira ilinipanda kweli. Kuta za sanduku la moto ni bapa, na ukuta bapa hauwezi kuhimili presha peke yake. Hushikwa na stei, vijiti vinavyopita kutoka ukuta wa nje hadi wa ndani. Kwa nje nilihesabu vichwa vya stei 20. Ndani zilikuwepo 8. Vile vichwa vingine 12 vilibandikwa tu kwa nje, nyuma yake hakuna kitu. Huo si uzembe wa fundi anayejifunza. Mtu alikaa akatengeneza vichwa 12 vya uongo.

Kizibo cha risasi nacho kilikuwa boliti tupu ya shaba ya njano. Mwaka 1803 boila ya Richard Trevithick, mhandisi wa injini za mvuke, ililipuka huko Greenwich, Uingereza, ikaua watu wanne, na baada ya hapo ndipo alipoanza kuweka valvu mbili za usalama na kizibo cha risasi kinachoyeyuka maji yakipungua. Watu walikufa ndipo kitu hicho kikawepo. Huyu amekifanya pambo.

Majibu yake: kwanza nimeisukuma kupita kiasi (kwa paundi 70!), kisha niliikubali nilipoipokea, kisha akanifungia. Baada ya wiki tatu tangazo limerudi kwa jina jingine. Picha ni zilezile: kitambaa cha kijani mezani na kibonyeo kidogo upande wa kushoto karibu na bomba la moshi. Kibonyeo hicho hakikuwepo kwenye boila niliyopokea, kwa hiyo anapiga picha boila moja na kuuza nyingine.

Ukiona tangazo la namna hiyo, mwombe picha ya ndani ya sanduku la moto, bila rangi, ambapo ncha za stei zinaonekana zimetokeza. Mwenye boila nzuri atakutumia kwa furaha, maana hapo ndipo kazi yake ilipo. Huyu nilipomwomba kupitia akaunti ya rafiki yangu alifuta mazungumzo.

Kwa mliokwisha kununua: jazeni maji baridi, sukumeni kwa mkono, tena mkiwa na mtu aliyewahi kupima. Kama umechoka kusubiri na kiberiti kiko mkononi, nakuomba, kiweke chini. Watoto husogea karibu sana na injini hizi, nyuso zao ziko usawa uleule wa boila.

Vipande vyangu nimevitunza pamoja na cheti na mazungumzo yote, na nimeshatoa taarifa. Aliyetapeliwa na mtu huyu aniandikie anitumie namba iliyogongwa kwenye boila yake. Nataka kujua cheti kile kimoja kimeuzwa mara ngapi.