Dawa za miti za kutuliza hofu: nilizojaribu hapa Goma, na moja ambayo singependa uinywe

Nianze na chupa, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Ilikuwa chupa ya maji ya nusu lita, haina karatasi yoyote juu yake. Ndani mlikuwa na maji ya kahawia yenye povu, na chini kabisa unga mweupe uliotuama. Mama aliyeniuzia sokoni aliitikisa mbele ya macho yangu, unga ukapotea. “Mwanangu, hii ni mizizi ya porini. Vijiko viwili jioni, roho itakaa.” Nikamuuliza, mizizi gani, mama? Akasema hiyo ni siri ya babu yake. Nikatoa dola tano.

Usiku wa kwanza nililala usingizi wa pono. Mtoto alilia, baba yake ndiye aliyeamka. Wiki mbili nzima sikushikwa na hofu hata mara moja, nikamshukuru Mungu na nikamshukuru yule mama. Asubuhi tu ndiyo ilikuwa ngumu: mimi ni mshonaji, na mikono ilikuwa mizito kwenye cherehani, uzi haupiti tundu la sindano. Chupa ilipoisha nilirudi sokoni, mama hayupo mahali pake. Siku ya tatu bila dawa nilianza kutetemeka na kutoka jasho, na mshtuko wa hofu, ambao zamani ulinijia mara moja au mbili kwa wiki, ukanijia mara mbili kwa siku moja.

Muuguzi wa kituo cha afya aliniuliza kama chupa bado ninayo. Nilikuwa nayo. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama ukoko mweupe ulioganda chini. Alishuku kwamba mlisagiwa vidonge vya usingizi, vya jamii ya diazepamu. Hapakuwa na maabara ya kuhakikisha, kwa hiyo siwezi kuapa. Ila alichonieleza kilifanana kabisa na yaliyonipata: vidonge vile vinatuliza haraka, mwili unavizoea, na ukiviacha ghafla hofu inarudi na nguvu kuliko ya kwanza. Ndiyo maana daktari akikupa dawa za namna hiyo hukupunguzia kidogo kidogo. Mimi sikujua hata kwamba kuna kitu cha kupunguza.

Hofu yenyewe ilinianza mwaka 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ililipuka, moto ukashuka hadi Buhene, kaskazini mwa mji, na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Sisi ambao mwaka 2002 tuliuona ukipita katikati ya mji hatukungoja kuambiwa. Lakini mimi sikuvunjwa na moto, nilivunjwa na matetemeko yaliyofuata. Siku baada ya siku ardhi inatikisika, kuta zinapasuka, na tarehe 27 tunaamriwa kuhama. Tulitoka mtaa wetu wa Mabanga na watoto, magodoro kichwani, tukafuata barabara ya Sake. Tuliporudi ardhi ilikuwa imetulia, mimi sikutulia. Lori likipita tu na sakafu ikatikisika, moyo unaenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, nina hakika kwamba ninakufa hapo hapo. Januari 2025, mabomu yalipolia mjini, yote yalirudi upya.

Kwa hiyo nimejaribu vingi. Mchaichai, ambao wengi huku tunauita sitroneli, ndio wa kwanza na ndio nilionao hadi leo. Fungu la faranga 500, unakata majani, unachemsha, unakunywa yakiwa moto jioni. Sitasema unatibu. Unanipa nusu saa ya kukaa kitako bila simu na bila kazi, na nadhani nusu ya faida iko hapo. Nimeupanda mwenyewe katika kidumu kilichokatwa, juu ya mawe meusi ya volkano nyuma ya nyumba, na unaota vizuri.

Kamomili, chai ya maua makavu, ni ya vifuko, boksi la vifuko 20 kutoka duka kubwa. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kukichovya kifuko na kukitoa mara moja. Weka viwili katika kikombe kimoja, funika na kisahani kwa dakika kumi ili mvuke usiondoke na ile harufu. Baada ya kama wiki tatu niliona tofauti: bado niliamka usiku, lakini nilirudi kulala. Upo utafiti wa Marekani, uliofanyiwa Philadelphia na kutolewa mwaka 2016, ambapo watu wenye wasiwasi wa kila siku walipewa kamomili ya vidonge, miligramu 1500 kwa siku, na ikawasaidia. Elewa mambo mawili hapo. Kifuko cha chai hakifiki kipimo hicho. Tena watu wale walikuwa na wasiwasi wa muda mrefu, ule wa kuhangaika na kila kitu. Mshtuko unaokushika ghafla ni jambo jingine. Na anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande amuulize daktari kwanza.

Valeriani, dawa ya mzizi, nilinunua kwenye farmasi, dola 14, vidonge vinavyonuka soksi. Mwezi mzima, sikuona kitu. Wengine huisifu kwa usingizi, mimi siwezi.

Kingine nilitumiwa na dadangu aliyeko Ubelgiji, kwa moyo wa upendo kabisa: mmea wa maua ya manjano ambao kwa Kifaransa unaitwa millepertuis. Nashukuru sikuufungua. Muuguzi alipoona boksi aliniuliza swali moja: “Mama, mkononi una kijiti cha uzazi wa mpango?” Ninacho. Akanieleza kwamba mmea huu unaharakisha ini kuzivunja dawa nyingine, hivyo kijiti au vidonge vya uzazi vinaweza kushindwa kazi. Ni hivyo hivyo kwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Na ukichanganywa na dawa za hospitali za huzuni unaweza kuleta hatari kubwa. Nalisema hili kwa herufi zote kwa sababu katika mji wetu wanawake wengi wana kijiti, wengi wako kwenye dawa za virusi, na hakuna anayewauliza wanaponunua “majani tu”.

Kilichonisaidia kwa mshtuko wenyewe hakikuwa mti. Muuguzi alinipima tansio (presha), damu na tezi ya shingo, moyo ukasikilizwa, vyote vizima. Halafu akanieleza jambo ambalo miaka minne sikuambiwa na mtu: mshtuko hupanda hadi kilele ndani ya dakika kama kumi, kisha hushuka wenyewe. Mpaka maji ya chai yachemke, umeshapita. Na ganzi ya vidole inatokana na kupumua haraka mno, hewa chafu inatoka kupita kiasi. Akanifundisha kuvuta pumzi puani nikihesabu nne na kuitoa nikihesabu sita, polepole, mkono tumboni. Tulifanya pamoja pale kwenye benchi, yeye anahesabu kwa sauti. Nimerudi kwake mara sita kuongea, na kila mara nimetoka na kazi ya kufanya nyumbani, kama kusimama kando ya barabara malori yanapopita mpaka mwili uzoee.

Wiki iliyopita, usiku, nyumba ilitikisika kidogo. Nilikaa kitandani, mkono tumboni, nikahesabu nne, nikahesabu sita. Mtoto wangu wa kati aliamka, akakaa karibu nami, akaanza kuhesabu pia. Kulipokucha tulikata mchaichai, tukachemsha, tukanywa wote na sukari.