Kapsuli za manjano kwa mgonjwa wa kolaitisi: tazama miligramu kabla ya kulipa

Kichupa nilichonunua katika duka moja la dawa za asili Kariakoo kimeandikwa kwa herufi kubwa "Manjano 500 mg". Kwa mtu mwenye kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana, anayetafuta cha kuongezea dawa za hospitali, hapo ndipo penye kasoro, kwa kuwa miligramu hizo ni za unga wa manjano, wala si za kurkumini, kiambata ambacho ndicho watafiti walichokipima. Nilifungua kapsuli moja juu ya kisahani, na kilichomwagika hakikutofautiana kwa harufu wala rangi na binzari ya jikoni. Unga wa aina hiyo una kurkumini takriban asilimia 3, yaani miligramu 15 hivi kwa kila kapsuli.

Katika utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa ambao kolaitisi yao ilikuwa imetulia waliendelea na sulfasalazini au mesalazini, dawa za kawaida za hospitali za ugonjwa huo, na baadhi yao wakaongezewa gramu 2 za kurkumini kila siku kwa miezi 6. Ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43 waliopewa kurkumini, na 8 kati ya 39 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kufikia kipimo hicho kwa kichupa changu kungehitaji kapsuli zaidi ya 130 kwa siku. Nchini India, utafiti wa mwaka 2017 uliotumia miligramu 450 kwa siku haukuonyesha faida yoyote, na hata kiasi hicho kinazidi sana kile ambacho mnunuzi wa kichupa hiki atameza.

Kilichonikera zaidi ni muuzaji kunishauri niachane kabisa na mesalazini. Ushauri huo ni wa hatari, maana katika tafiti hizo kurkumini ilikuwa nyongeza tu. Mwenye ugonjwa wa Crohn, ambao ni ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo, naye asiyachukue matokeo haya kuwa yake.

Kichupa hiki sikipendekezi. Anayetaka kujaribu atafute lebo inayotaja kiasi cha kurkumini yenyewe, kisha amwonyeshe daktari wake, hasa akiwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kapsuli zilizochanganywa na pilipili manga huingiza kurkumini nyingi zaidi mwilini, lakini baadhi ya watumiaji wa kapsuli za manjano wamewahi kuumia ini. Kwa hiyo mkojo ukiwa mweusi au macho yakianza kuwa ya njano, ziache mara moja ukapime.