Ripoti ya Cato inayowapa magavana wa Marekani gredi: maoni yangu kama mlipa ushuru wa Nairobi

Wacha nianze na uamuzi kwa wale hawana muda: hii ripoti ni nzuri, isome, lakini gredi yenyewe usiibebe hivyo ilivyo. Mimi naipa nyota tatu kwa tano.

Kwa wale hawaijui, kuna taasisi inaitwa Cato Institute, iko Washington, na tangu 1992 wamekuwa wakitoa ripoti kila baada ya miaka miwili ya kuwapima magavana wa majimbo ya Marekani kwa ushuru na matumizi, basi. Gavana akipunguza ushuru na kubana matumizi anapata A, akipandisha vyote viwili anakula F, yaani ripoti fomu kabisa. Ni bure, unaipakua tu na unaisoma kwa simu, ingawa majedwali yake yanasumbua kwa skrini ndogo na Kiingereza chake ni cha wahasibu. Mwandishi wake wa miaka mingi ni Chris Edwards. Na Cato hawajifichi, wao ni watu wa serikali ndogo, wanaamini pesa ikae mfukoni mwa aliyeitafuta, kwa hivyo ulijue hilo kabla hujafungua ukurasa wa kwanza manake kila gredi humo ndani imejengwa juu ya imani hiyo.

Kitu kimenifurahisha sana ni vile wanaweka jina. Sisi huku tumezoea kusikia "serikali itafanya", "kaunti inaangalia hilo suala", na hujui ni nani hasa alisema na ni nani alikataa. Hawa wanachukua vipimo saba, viwili vya matumizi, kimoja cha mapato na vinne vya viwango vya ushuru, wanahesabu alama kutoka 0 hadi 100, halafu alama inageuzwa gredi, halafu chini ya jina la gavana kuna maelezo mafupi ya sheria gani alitia sahihi, ushuru gani alishusha, gani alitaka kupandisha bunge likakataa. Hapo kwa kukataa ndio pazuri, manake hawapimi tu kilichopita, wanapima pia kile gavana mwenyewe alipendekeza, kwa hivyo hawezi kujificha nyuma ya bunge lake.

Mfano ni Kim Reynolds wa Iowa ambaye kwa ripoti ya 2022 na ya 2024 alipata A na ndiye alikuwa juu ya wote. Ukisoma unaona kwa nini. Iowa zamani kiwango cha juu cha ushuru wa mapato kilikuwa karibu asilimia 9, mwaka wa 2022 akatia sahihi sheria ya kukishusha polepole hadi asilimia 3.9 kwa kila mtu, halafu 2024 akaongeza mwendo, ikawa 3.8 kuanzia 2025. Hata kama hukubaliani naye unajua alifanya nini na lini.

Na hawapendelei chama vile nilivyodhani watafanya. Ni kweli A nyingi zinaenda kwa magavana wa chama cha Republican, lakini Mike Huckabee wa Arkansas, huyo ni Republican kabisa, walimpa F mwaka wa 2006 juu ya kupandisha ushuru na matumizi. Binti yake Sarah Huckabee Sanders sasa ndiye gavana wa hilo hilo jimbo la Arkansas na 2024 akapata A. Baba F, binti A, kiti ni kile kile. Hapo nikaheshimu hii kazi.

Sasa shida. Shida kubwa inaitwa Kansas. Mwaka wa 2012 gavana Sam Brownback alitia sahihi punguzo kubwa sana la ushuru, na biashara fulani ambazo faida yake inahesabiwa kwa mwenyewe zikaondolewa ushuru wa mapato wa jimbo kabisa, akasema uchumi utapaa. Kwa ripoti ya 2014 Cato wakampa A. Lakini mapato ya jimbo yakaanguka, bajeti ikawa na mashimo kila mwaka, wakawa wanachota pesa za barabara kuziba mashimo, mwaka wa 2015 kuna shule zilifunga mapema kabla ya muhula kuisha sababu pesa imekata, na mwezi wa Juni 2017 bunge la jimbo, ambalo lilijaa watu wa chama chake mwenyewe, likarudisha ushuru na alipojaribu kukataa wakampita kwa kura. Sasa niambie, mtu akipewa A leo na kile kilichomletea A kinakuja kufutwa na watu wake baada ya miaka mitatu, hiyo A ilikuwa inapima nini? Ilikuwa inapima kwamba alipunguza. Haikuuliza kama punguzo litabebeka. Ripoti ingekuwa na ukurasa mmoja tu wa kurudi nyuma kuangalia waliopata A miaka kumi iliyopita walifikia wapi, mimi ningewaongezea nyota hapo hapo.

Jambo lingine ambalo mtu wa Nairobi lazima alitazame vizuri ni Minnesota. Gavana wa huko Tim Walz, yule aliyekuwa mgombea mwenza wa Kamala Harris kwa urais 2024, alipewa F mwaka huo huo. Na kwa vipimo vyao alistahili, sitawasingizia. Jimbo lilikuwa na ziada ya zaidi ya dola bilioni 17, badala ya kurudisha kwa wenyewe sehemu kubwa ikaenda kwa matumizi mapya, na juu yake wakaongeza ushuru, kwa mfano asilimia moja zaidi kwa wale wanapata zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka kutoka kwa uwekezaji. Lakini ndani ya hayo matumizi kuna chakula cha bure shuleni, kiamsha kinywa na cha mchana, kwa kila mtoto, sheria ya 2023. Kwa hesabu ya Cato hicho chakula ni namba inapanda kwa upande mbaya na imeisha. Hakuna mahali kwa fomula pa kuuliza mtoto amekula ama hakula.

Mimi hapo nilisimama nikafikiria sana kwa sababu na sisi hapa mwaka huo huo wa 2023 tulianzishiwa Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shule, mzazi anatoa shilingi tano na mtoto anapata chakula cha moto. Kama unaishi upande wa Mathare ama Mukuru unajua shilingi tano kwa sahani ni nini, watoto wanapanga laini na kibangili mkononi, wanagusisha kwa mashine, sahani inajaa, wanakaa. Mtu anaweza kumpinga gavana wetu Sakaja kwa mambo mengi na mimi ni mmoja wao kwa mambo ya takataka na barabara za ndani za mtaa, lakini ukiniletea kipimo kinachosema hizo pesa za chakula ni dhambi sawa na pesa za safari za nje na semina za Mombasa, hicho kipimo nitakukatalia. Pesa ya kaunti haina uzito mmoja, kuna shilingi inaingia tumboni mwa mtoto na kuna shilingi inaingia kwa posho ya mtu ambaye tayari ana mshahara.

Pia kuna suala la bahati. Baada ya korona, sheria ya 2021 kule Marekani ilimwaga dola bilioni 350 kwa majimbo na serikali za mitaa, hazina za majimbo zikafura, na kwa hiyo miaka iliyofuata kupunguza ushuru kulikuwa rahisi kuliko kawaida. Hilo lingepewa uzito zaidi.

Sasa swali ambalo najua mtaniuliza, tunaweza kutumia hiki kitu kwa magavana wetu 47? Vile ilivyo, hapana. Gavana wa Iowa anashika ushuru wa mapato wa jimbo, anaweza kuushusha, na mshahara wako ukauona umenona. Gavana wa hapa hagusi PAYE yako, ule ushuru unakatwa kwa mshahara, wala VAT ya bidhaa. Katiba ya 2010 kifungu cha 209 inampa kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ada za huduma, yaani leseni, maegesho, soko, mabango. Pesa nyingi kwa kaunti karibu zote inatoka Hazina Kuu, kwa mwaka wa 2024/25 ilikuwa shilingi bilioni 387.4 kwa kaunti zote, na hiyo ilipatikana baada ya mvutano mrefu wa Seneti na Bunge la Taifa kufuatia mswada wa fedha kuangushwa na vijana Juni 2024. Mara nyingi inachelewa na mishahara inachelewa, na hapo utampa gavana F kwa kosa la Hazina.

Kwa hivyo kama kuna mtu Nairobi anataka kutengeneza yetu, na naomba sana mtu afanye, kipimo cha kwanza kisiwe ushuru, kiwe madeni ya wakandarasi. Nairobi peke yake inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80 kwa ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, zingine ni za tangu enzi za City Council, ile serikali ya jiji kabla ya kaunti, na kila gavana kutoka Kidero hadi Sonko hadi Sakaja amezipata na kuahidi kuzimaliza. Nina rafiki alipelekea kaunti moja, sitaitaja, vifaa vya ofisi kwa mkopo wa benki. Vifaa vilipokelewa, fomu ikapigwa muhuri, benki ikaanza kukata, kaunti ikanyamaza, mwishowe gari lake likauzwa. Kwa fomula ya Cato, gavana ambaye halipi anaonekana amebana matumizi. Kwetu huyo anafaa F kubwa ya rangi nyekundu.

Kipimo cha pili, yule anayelipa anapata nini. Kuna mama huniuzia nyanya na dania kwa soko moja huku Eastlands, risiti zake za ushuru wa soko ametoboa katikati akazipachika kwa msumari, fungu limenenepa, na aliniambia, "Kijana wangu, mimi sikatai kulipa, mimi nataka mtu aje anionyeshe hii imenunua nini hapa." Choo, taa, maji, paa. Hilo ndilo swali lake na Cato hawana jibu lake, sababu wao swali lao ni alilipa kiasi gani tu.

Kipimo cha tatu tayari kiko kwa sheria: asilimia 30 ya bajeti angalau iende kwa maendeleo, na mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Hivyo vipimo vipo, namba zipo, Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o anazitoa kila robo ya mwaka na Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu anatoa zake. Kile hakuna ni mtu wa kuzichukua, aziweke kwa ukurasa mmoja mbele ya jina la gavana na herufi moja ambayo mama wa nyanya ataisoma. Hapo ndipo Cato wametushinda, na wametushinda kwa mbali.

Ukiifungua usianze mwanzo, utachoka na nadharia. Nenda moja kwa moja kwa maelezo ya gavana mmoja mmoja, soma Iowa, soma Minnesota, halafu urudi kwa kiambatisho cha nyuma kinachoeleza hesabu ilifanywaje. Halafu pakua ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti ya karibuni, tafuta kaunti yako, na uangalie mistari minne: mapato yake yenyewe, maendeleo, safari, na madeni. Gredi umpe wewe.