Rimoti Moja ya Vifaa Vyote: Zipi Huitika Upesi na Ipi Ununue Kwanza

Washa amplifaya, iweke sauti kwenye 24, kisha bonyeza kitufe cha kuongeza sauti mara moja tu na uachie. Tazama namba. Ikisogea hadi 25 papo hapo, umeshika rimoti nzuri. Ikisitasita kwanza, au ikarukia 27, mtu yeyote wa nyumbani atakayeishika ataichoka upesi na kurudia rimoti zake nne za zamani.

Hilo ndilo jaribio ninaloanza nalo kwa kila rimoti ya vifaa vyote, na ndilo lililoamua mpangilio ulio hapa chini. Idadi ya vifaa iliyoandikwa kwenye boksi haikuambii chochote kuhusu wepesi. Sebule nyingi zina TV au projekta, amplifaya au saundiba, king'amuzi na kifaa cha kutazamia sinema za intaneti. Hivyo ni vinne. Rimoti inayomudu vifaa vinane lakini inaitika upesi ni bora mara kumi kuliko inayomudu sitini kwa kusuasua.

Uzito wa kuitika hutoka wapi

Rimoti nyingi za TV, amplifaya na ving'amuzi hutumia infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Kitaa kilicho puani mwa rimoti humeta mara 38,000 hivi kwa sekunde, na ujumbe hupangwa ndani ya mmeto huo. Katika mfumo wa kutuma amri uitwao NEC, ambao umeenea sana, amri moja huchukua milisekunde 68 hivi, na ukiendelea kushikilia kitufe alama ya kurudia hutumwa kila baada ya milisekunde 108. Sony wana mfumo wao, ambapo amri hutumwa angalau mara tatu, zikipishana kwa milisekunde 45. Kwa maneno mengine, infraredi yenyewe si goigoi. Kidole kikigusa, amri imefika kabla hujapepesa jicho.

Uzito huingia pale safari inaporefushwa. Kuna rimoti zinazotuma amri kwenye kisanduku kilicho kabatini, nacho ndicho kinachoipeleka kwenye TV. Hapo ucheleweshaji ni mdogo, unavumilika. Kuna nyingine zinazopitia programu ya simu, zikaingia Wi-Fi, zikaenda hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali, ndipo amri irudi sebuleni kwako. Kwa kuwasha vifaa jioni, sawa. Kwa kupunguza sauti mtoto amelala na bomu limelipuka kwenye filamu, hapana.

Kasoro ya pili ni kinyume chake: rimoti inatuma marudio mengi kupita kiasi. Ndiyo maana namba inaruka kutoka 24 hadi 27. Rimoti nzuri hukuruhusu kupunguza marudio hayo kwa kila kifaa, na uwezo huo nauthamini kuliko skrini ya rangi.

Kwanza jua vifaa vyako vinasikia nini

Watu wengi hununua kwanza, wakaja kugundua baadaye. Fire TV Stick, kijiti cha kutazamia sinema za intaneti, hujibandika nyuma ya TV na haina jicho la infraredi, yaani kipokezi chake. Rimoti yake hutumia Bluetooth. Vijiti vya Roku, vya kazi hiyohiyo, hutumia Wi-Fi, ingawa Roku Express husikia infraredi. PlayStation 5 nayo haina jicho la infraredi. Apple TV inachanganya watu: rimoti yake huongea kwa Bluetooth, lakini kisanduku chenyewe kinapokea infraredi pia, na kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kukifundisha rimoti nyingine.

Kujua kama rimoti uliyonayo ni ya infraredi ni rahisi. Fungua kamera ya mbele ya simu, elekeza pua ya rimoti kwenye lenzi, bonyeza kitufe. Ukiona nuru ya zambarau ikimetameta kwenye kioo cha simu, ni infraredi. Fanya hivyo kwa kila rimoti uliyonayo na uandike majibu kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia rimoti kuliko tangazo lolote.

Nafasi ya kwanza: rimoti ya mkononi yenye infraredi na Bluetooth

Kwa sebule ya kawaida hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Amri inatoka kwenye rimoti moja kwa moja hadi kwenye kifaa, hakuna kisanduku katikati, wala seva. SofaBaton U2 ni mfano mzuri: inamudu vifaa 15, ina kijiskrini cha kuonyesha kifaa unachokiendesha na kigurudumu cha kukichagua, na inaendesha vifaa vya infraredi pamoja na vya Bluetooth kama Fire TV. Unaipanga kwa programu ya simu, ukimaliza simu unaiweka kando.

Kasoro yake ni ya aina yake yote: lazima uielekeze kwenye vifaa vya infraredi. Ukiipa amri ya kuwasha vifaa vinne vya infraredi kwa mpigo kisha ukaiweka chini baada ya kimoja, vitatu havitasikia. Wageni hulipata hilo kila mara. Waambie waishike imeelekea mbele hadi kila kitu kiwake.

Kama karatasi yako inaonyesha infraredi tupu, angalia pia Smart Control za One For All. Hazina madoido, lakini vitufe vyake ni vya kweli, vinabonyea na kurudi, na zinaweza kufundishwa amri kutoka kwenye rimoti ya zamani.

Nafasi ya pili: rimoti yenye kisanduku cha kati

Ichukue hii ikiwa vifaa vyako vimefungiwa kabatini, au una kijiti cha Roku kinachotaka Wi-Fi. SofaBaton X1S inafanya kazi hivyo: rimoti inaongea na kisanduku, nacho kinatawanya amri kwa infraredi, Bluetooth au mtandao wa nyumbani. Inafika vifaa 60. Hapa ukibonyeza "Tazama sinema" unaweza kuitupa rimoti kwenye kochi mara moja, kwa sababu kisanduku ndicho kinachoendelea na kazi.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya ile safari ya ziada. Mahali pa kisanduku pana umuhimu mkubwa: kikikaa nyuma ya mlango wa mbao, infraredi haipenyi. Kiweke mbele ya vifaa, au tumia kebo ndogo yenye kitaa mwishoni, uibandike palepale penye jicho la amplifaya. Jicho hilo ukilikosa kwa upana wa vidole viwili tu, utalaumu rimoti bure.

Nafasi ya tatu: usinunue kitu

Nasema hivi nikimaanisha. HDMI, ile kebo inayounganisha vifaa na TV, ina mfumo uitwao CEC unaoruhusu rimoti moja kuendesha vifaa vilivyounganishwa kwa kebo hiyo. Kila kampuni imeupa jina lake: Samsung huuita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Washa mfumo huo kwenye mipangilio ya TV na ya amplifaya, kisha ujaribu wiki moja. Kwa mwenye TV na saundiba tu, mara nyingi hiyo inatosha kabisa, na rimoti ya TV inakuwa rimoti ya vyote.

Tatizo linakuja vifaa vinapozidi. CEC inapita kwenye waya mmoja ndani ya kebo, unaotumiwa na vifaa vyote kwa zamu, na mwendo wake ni biti 400 hivi tu kwa sekunde. Vifaa vikiwa vitano vya kampuni tano, utashuhudia king'amuzi kikijiwasha chenyewe, TV ikihama kwenye chanzo cha picha ambacho hukukiomba, na sauti ikipanda kwa kusuasua. Ukifika hapo, zima CEC kwenye kifaa kinacholeta vurugu na urudi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya nne: Harmony iliyotumika

Logitech walitangaza mwaka 2021 kwamba wameacha kutengeneza rimoti za Harmony. Kwa mpangilio wa shughuli nzima kwa kitufe kimoja zilikuwa bora kuliko zote, na bado zipo nyumba nyingi zinazozitumia kwa raha. Lakini mipangilio yake hutegemea seva za kampuni, na iliwahi kuonekana jambo hilo linaishia wapi: Harmony Express, iliyotoka mwaka 2019, ilizimwa mwaka 2020 na kubaki plastiki tupu, ingawa waliokuwa nayo walifidiwa. Ukipewa Harmony na ndugu yako, ipokee. Kutoa pesa nyingi kuinunua leo sishauri.

Nafasi ya tano: kijisanduku cha Wi-Fi na simu

Broadlink RM4 mini na wenzake hupokea amri kutoka kwenye simu na kuzirusha kwa infraredi. RM4 Pro inaongeza redio ya 433 MHz, inayofaa kwa pazia la umeme au skrini ya projekta inayoshuka. Kama nyongeza ni kitu kizuri. Kama rimoti kuu ya sinema, simu inakuangusha: uko gizani, unafungua kioo kilichojifunga, mwanga unakupiga machoni, unatafuta programu, na kidole hakina pa kujishika. Kitufe cha mpira unakipata kwa kupapasa.

Zipo pia rimoti za Control4, RTI na URC, zinazofungwa na mafundi maalumu. Ni nzuri sana, ila kila mabadiliko humhitaji fundi. Zina maana kwa nyumba nzima, si kwa sebule moja.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kubwa kuliko yote ni amri za kuwasha na kuzima. Rimoti nyingi zina kitufe kimoja cha umeme kinachofanya yote mawili: kifaa kikiwa kimezimwa kinakiwasha, kikiwa kimewaka kinakizima. Sasa fikiria umepanga kitufe cha "Tazama sinema" kiwashe TV, amplifaya na king'amuzi. Mtu alikuwa ameshawasha TV akitazama habari. Unabonyeza: amplifaya inawaka, king'amuzi kinawaka, TV inazimika. Ukibonyeza tena, vinageuzana. Dawa ni kutumia amri mbili tofauti, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu. Vifaa vingi vinazisikia amri hizo hata kama rimoti yake ya asili haina vitufe vyake. Rimoti unayoinunua iwe nazo kwenye hifadhi yake ya amri.

Uliza pia kama inajifunza. Hakuna hifadhi yenye kila amplifaya ya zamani. Kufundisha si kazi ngumu: zilaze rimoti mbili mezani pua kwa pua, ziachane sentimita chache, mbali na jua la dirishani, na ubonyeze kitufe kama rimoti inavyoagiza.

Uliza inahifadhi wapi kumbukumbu zake. Niliwahi kuwa na rimoti ya bei nafuu iliyosahau kila kitu siku nilipobadilisha betri. Saa nzima ya kuingiza namba za tarakimu nne za kutambulisha vifaa ilipotea, na betri zilipoisha tena sikuwa na moyo wa kurudia.

Mwisho, ishike. Fumba macho, tafuta sauti, kitufe cha kusimamisha na mishale kwa dole gumba peke yake. Kama vitufe vyote vina umbo moja na vimepangwa kama vigae, irudishe, hata kama inasifiwa na dunia nzima.

Ukishaileta nyumbani

Panga kifaa kimoja kwa wakati mmoja, ukijaribu kila kimoja kabla ya kuongeza kingine. Projekta huchukua muda kupata moto, na ukiipa amri ya kubadili chanzo mapema mno haitasikia. Iache iwashwe ya kwanza na amri zake nyingine zije mwisho. Halafu punguza muda wa kusubiri kati ya amri na amri, kidogo kidogo, hadi kifaa kianze kukosa moja, kisha uurudishe hatua moja nyuma. Fanya vivyo hivyo kwa marudio ya kitufe cha sauti. Kazi hii inakula jioni moja, na hapo ndipo rimoti ya kawaida inapogeuka kuwa nyepesi.

Zile rimoti za asili usizitupe. Toa betri zisije zikavuja, zifunge pamoja kwa mpira, ziweke kwenye droo. Siku utakapohitaji kuifundisha rimoti mpya amri moja iliyosahaulika, hizo ndizo zitakazokusaidia.