Pesa ya korosho na chunusi: ununue kipi kwanza?

Minada ya korosho ikianza hapa Mtwara, swali la leza, ile mashine ya kuchoma ngozi kwa mwanga, nalo huja: "Nipande basi niende Dar wakanichome chunusi ziishe?" Ngoja kwanza. Mimi ningepanga hivi.

Namba moja ni jeli ya benzoili peroksaidi. Inaua bakteria wa chunusi, nao hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Chukua ya asilimia 2.5, au 5 ukiikosa. Ya 10 inawasha zaidi bila kuponya zaidi. Inapausha nguo, kwa hiyo usijifutie khanga ya harusi.

Namba mbili ni adapalini ya asilimia 0.1. Paka usiku, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima. Inazuia vitundu vya ngozi visizibe. Wiki za mwanzo uso unaweza kuharibika zaidi, na wengi huishia hapo, wanaitupa. Ipe wiki 12. Mjamzito asiiguse.

Kama yako ni mavimbe yanayouma na kuacha makovu, usihangaike na dawa za madukani. Nenda hospitali ya Ligula, hapa Mtwara, ukaonane na daktari.

Leza naiweka ya tatu, na si kwa bei peke yake. Mwanga wake hugeuka joto pale unapofyonzwa. Ipo ya nanomita 1726 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022: joto lake huilenga tezi ya mafuta, ikaungua kidogo na kupunguza mafuta inayotoa. Hufanywa mara tatu. Tabu ni kwamba mwanga wa mashine nyingine, hasa za kuondolea vinyweleo, hufyonzwa kwanza na weusi wa ngozi. Unaweza kutoka na madoa yanayokaa kuliko chunusi zenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela uliza: mashine gani, nanomita ngapi, na wateja weusi kama mimi wameonekanaje baadaye? Mwenye mashine akianza kukuzungusha, chukua mkoba wako.

Krimu za kuchubua ndizo za mkiani kabisa. Zenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) huulainisha uso siku chache, ukiziacha chunusi zinarudi kwa hasira. Zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, ila bado utazikuta zikiuzwa.

Na mafuta ya nazi, bibi anisamehe: yaishie kwenye nywele. Usoni kwa mwenye chunusi yanaziba.