Mentimeter kwa dakika tano za mwanzo wa mhadhara

Mentimeter ni programu kutoka Sweden ya kupigisha kura papo hapo. Mhadhiri anaandika swali, msimbo unatokea ukutani, wanafunzi wanafungua menti.com kwenye simu na kujibu. Hawafungui akaunti wala kupakua chochote. Kwa kufungulia mhadhara inafaa sana, ila si kwa kile kinachoipatia sifa.

Sifa zote huenda kwa wingu la maneno, yaani picha inayokusanya maneno ya wote, lililoandikwa na wengi likitokea kubwa zaidi. Linapendeza, basi. Ukiuliza "mnakumbuka nini cha wiki iliyopita?" utapata maneno mojamoja yasiyoonyesha nani kaelewa nini, neno lililokosewa herufi linahesabiwa jipya, na kwa kuwa majina hayaonekani, hakosi mtu wa kuandika upuuzi ukumbi mzima uusome.

Kazi inafanywa na swali la kuchagua jibu, tena lenye mtego wa kweli. Mfano wa fizikia: jiwe limerushwa wima juu; likiwa kileleni, mchapuko wake (kiwango cha kubadilika kwa kasi yake) ni (A) sifuri, (B) 9.8 m/s² kuelekea chini, (C) 9.8 m/s² kuelekea juu. Wengi hukimbilia A kwa sababu jiwe limesimama kidogo, wakachanganya kasi na mchapuko, wakati jibu ni B. Kosa hilo ndilo mlango wa somo.

Msimbo uwe ukutani kabla watu hawajakaa. Bonyeza H kuficha matokeo, maana nguzo ya jibu inayotangulia kupanda huwavuta waliosita. Dakika moja hadi moja na nusu inatosha kupiga kura. Kisha fuata utaratibu wa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia aliyeanza kuutumia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991: waliopata jibu sahihi wakiwa chini ya 30%, fundisha upya, kati ya 30% na 70%, wabishane na jirani dakika mbili na kupiga kura tena, zaidi ya hapo, eleza kwa ufupi usonge mbele. Kura ya pili iwekee nakala ya slaidi. Ukifuta matokeo ya kwanza hutakuwa na cha kulinganisha.

Kasoro kubwa ni bei. Akaunti ya bure inaruhusu washiriki 50 kwa mwezi, kwa hiyo ukumbi wa watu 200 unahitaji idara ilipie. Kahoot, programu ya maswali ya mashindano, si mbadala mzuri hapa: kwa kawaida inagawa alama kwa haraka ya kujibu, na anayefikiri ndiye anayeumia. Mbadala mwingine, Plickers, inatumia kadi za karatasi ambazo wanafunzi wanazinyanyua na mhadhiri anazisoma kwa kamera ya simu yake. Seti ya kawaida ina kadi 40, kubwa 63. Ni nzuri kwa chumba kidogo, lakini kadi iliyozibwa na kichwa cha mbele haisomeki.

Mtandao ukigoma, wanafunzi waonyeshe vidole 1 hadi 4 wakivibana kifuani, wote kwa pamoja, ili jirani asinakili. Hesabu itakuwa ya kukadiria, lakini kwa kuamua kama wabishane au usonge mbele inatosha.